Malaria Hakuna, Mbona Homa Ipo?

Mvua zinapopita katika miji ya pwani, kuna swali linalosikika kwenye foleni za zahanati, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia: "Nimepima malaria, wameniambia hakuna. Nimepima taifodi, hakuna. Mbona homa iko palepale?" Anayeuliza kwa kawaida homa imemshika ghafla, kichwa kinamgonga, macho yanauma kwa nyuma, na maumivu ya viungo na misuli hayampi nafasi ya kulala. Wengine huamua kwamba kipimo cha zahanati ni kibovu. Wengine hununua dawa ya malaria na kuimeza hivyo hivyo, ati kwa tahadhari.

Jibu fupi ni kwamba kipimo hujibu kile kilichoulizwa tu. Kipimo cha malaria huuliza kama damu ina vimelea vya malaria. Kikisema hakuna, hakijasema wewe ni mzima. Miongoni mwa magonjwa yanayobaki kwenye orodha ni homa ya dengi, ambayo nayo huletwa na mbu, ila mbu mwingine na kwa kirusi.

Sura hii inaeleza jinsi maabara inavyokitafuta kirusi cha dengi katika damu ya mgonjwa. Utaona kwa nini kipimo kilekile kinaweza kusema "kipo" leo na "hakipo" baada ya wiki mbili, na mara zote mbili kikawa sahihi. Utaona pia kwa nini tarehe homa ilipoanza ina uzito sawa na mashine yenyewe.

## Zama ambazo kila homa ilikuwa malaria

Kwa miaka mingi Afrika Mashariki homa na malaria vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mtoto akichemka, anapewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Vipimo vya haraka vikaenea mpaka zahanati za vijijini, na jambo lililokuwa limejificha likajitokeza: wagonjwa wengi wa homa hawakuwa na malaria.

Dengi si mgeni kwetu. Mwaka 1982 kirusi chake kilithibitishwa katika mlipuko uliotokea Malindi na maeneo jirani, pwani ya Kenya. Mombasa ilikumbwa tena mwaka 2013. Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2010, 2014 na 2019, na huo wa 2019 uliandikisha zaidi ya wagonjwa 6,000 nchini Tanzania. Hao ni waliopimwa. Aliyetibiwa malaria akapona mwenyewe hayumo katika hesabu hiyo.

Anayeeneza dengi ni Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Hahitaji dimbwi. Maji yaliyotuama kwenye tairi bovu, pipa lisilo na mfuniko, kopo au sahani ya chini ya chungu cha maua yanamtosha.

## Kwa nini darubini haisaidii

Mtaalamu wa maabara huweza kuviona vimelea vya malaria kwa macho yake. Hupaka tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi, kisha huangalia kwa darubini. Kwa dengi njia hiyo haifai. Kirusi ni kijidudu kisicho na uwezo wa kuzaliana mpaka kiingie ndani ya seli, na udogo wake ni wa kutisha. Kirusi kimoja cha dengi kina kipenyo cha nanomita 50 hivi, yaani virusi 20,000 vikipangwa mstari mmoja vinafikia milimita 1. Chembe moja nyekundu ya damu, ambayo yenyewe huioni bila darubini, inaweza kupitiwa na mstari wa virusi 150 kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kwa hiyo maabara hutafuta dalili zinazoonyesha kwamba kirusi kimo au kimepita:

- Vinasaba, yaani maandishi ya urithi ambayo kirusi hutumia kujizalisha. Vya dengi ni vya aina inayoitwa RNA.
- Protini ambazo kirusi huzimwaga kwenye damu. Inayotafutwa zaidi inaitwa NS1.
- Kingamwili, yaani protini ambazo mwili wenyewe hutengeneza kupambana na kirusi. Zinazohusika hapa ni IgM, zinazotangulia, na IgG, zinazofuata na kudumu.

Vitu hivi vitatu havipatikani kwenye damu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

## Siku ya ngapi?

Hesabu ya dengi huanzia siku homa ilipoanza. Mbu alikuuma siku 4 hadi 10 kabla ya hapo, lakini nani anaikumbuka siku hiyo? Siku ya kwanza ya homa ndiyo nanga. Kuanzia hapo mambo huenda hivi:

- Siku ya 1 hadi ya 5: virusi ni vingi kwenye damu. RNA hupatikana, NS1 hupatikana. Kingamwili bado.
- Siku ya 5 hadi ya 9: virusi vinapungua haraka. NS1 inaweza kuendelea kuonekana. IgM zinaanza kupanda.
- Kuanzia wiki ya pili: virusi havionekani tena. IgM zipo na zinaweza kubaki kwa miezi miwili au mitatu. IgG zinapanda, na hukaa kwa miaka mingi.

Aliyewahi kuugua dengi ana kalenda tofauti kidogo. Mwili wake unakumbuka, hivyo IgG hupanda mapema na kwa wingi, na IgM zinaweza kuwa chache.

Sasa tuseme mama muuza samaki yuko kwenye dirisha la maabara siku ya Alhamisi.

"Homa imekuanza lini, mama?"

"Leo siku ya tatu, mwanangu."

"Ya tatu tangu ilipokushika, au tangu uje hapa?"

"Tangu nije hapa. Yenyewe ilinishika Ijumaa, nikiwa sokoni."

Swali hilo moja limebadilisha kila kitu. Ijumaa hadi Alhamisi ni siku ya saba, si ya tatu. Kama angepimwa RNA peke yake, huenda majibu yangesema "haipo", naye angerudi nyumbani akiamini hana dengi. Kwa siku ya saba, kipimo cha kutegemewa ni cha IgM, kikiandamana na cha NS1.

## Kipimo cha haraka: dakika 20 za mistari

Kipimo cha haraka cha dengi kinafanana na kile cha malaria. Ni kipande cha plastiki chenye kitundu cha kudondoshea damu na kidirisha chenye herufi. Mtaalamu hufungua pakiti, huandika namba ya mgonjwa kwenye plastiki kabla ya jambo lingine lolote, hudondosha damu au majimaji yake, kisha huongeza matone ya dawa ya kuisukuma. Utaona wekundu ukitambaa taratibu kwenye utepe mweupe ulio ndani.

Kwenye utepe huo kiwanda kimeshapaka kingamwili zinazoishika NS1 zikiisha kukutana nayo. NS1 ikiwamo kwenye damu, inanaswa pamoja na chembechembe za rangi na mstari unajitokeza mbele ya herufi T. Mstari wa herufi C lazima utokee kila mara, kwa sababu ndio unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. C isipotokea, kipimo hicho hutupwa na kingine kufunguliwa, hata kama T imetokea.

Mambo mawili huwasumbua wasomaji wa mistari hii. La kwanza ni mstari hafifu. T iliyofifia ni jibu la "ipo". La pili ni muda. Kiwanda kikisema kisomwe baada ya dakika 15 au 20, kisomwe wakati huo. Kilichoachwa mezani saa nzima kinaweza kuota mstari ambao haukuwapo.

Kipimo hiki kina uzuri wake. Hakihitaji mashine wala mafunzo marefu, na NS1 ikionekana kwa mtu mwenye homa, dengi karibu haina ubishi. Udhaifu wake uko upande wa "haipo". Wagonjwa kadhaa wa dengi hukosa mstari, hasa wale wanaougua kwa mara ya pili, kwa kuwa kingamwili zao za zamani huigandia NS1 kabla kipimo hakijaipata. Kwa hiyo NS1 isipoonekana, dengi haijafutwa.

## PCR: kuzidisha kisichoonekana

Wakati wa UVIKO-19 watu wengi walilijua jina la PCR kupitia vyeti vya safari. Kazi yake ni kuchukua kipande kidogo cha vinasaba na kukizidisha mpaka kionekane.

Kwa dengi, kwanza RNA ya kirusi hutenganishwa na damu. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali, huinakili RNA hiyo kuwa DNA. Kisha mashine hupasha mchanganyiko joto hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, huupoza ili vipande vidogo vya kutambulisha dengi vijishike mahali pake, na kila uzi hujengewa mwenzake. Nakala 1 imekuwa 2. Mzunguko unarudiwa: 4, 8, 16. Baada ya mizunguko 30, nakala moja imezidi bilioni 1. Rangi inayong'aa huongezeka kadiri nakala zinavyoongezeka, na mashine huandika ni mzunguko wa ngapi mng'ao ulipovuka kiwango. Ukivuka mapema, virusi vilikuwa vingi. Ukivuka mwishoni, vilikuwa vichache.

Mmarekani Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983, na ikampatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Kikwazo cha mwanzo kilikuwa kwamba vimeng'enya vya kawaida huharibika kwenye joto kali. Suluhisho lilitoka kwa bakteria waliogunduliwa kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambao vimeng'enya vyao vinastahimili joto hilo.

PCR ina faida mbili ambazo kipimo cha haraka hakina. Inaweza kutaja ni aina ipi kati ya aina nne za kirusi cha dengi, na inaweza kupangwa itafute dengi na magonjwa mengine mawili ya mbu, chikungunya na zika, kwa mpigo mmoja. Gharama yake ni mashine, umeme wa uhakika, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye ubaridi mkali, na wataalamu. Ndiyo maana sampuli nyingi husafirishwa hadi maabara kubwa, kama Maabara ya Taifa jijini Dar es Salaam, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI nchini Kenya, au taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda.

## Kingamwili: ushahidi wa aliyekwisha kuondoka

Mgonjwa akichelewa, maabara huutazama mwili ulivyojibu. Kipimo kinachotumika sana huitwa ELISA. Hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kikipokea damu ya mtu mmoja. Kingamwili zinazotafutwa zikiwapo, majimaji hubadilika rangi, na mashine hupima ukali wa rangi hiyo. Kipimo cha haraka cha IgM na IgG nacho kipo, na mara nyingi huuzwa kikiwa kimeunganishwa na cha NS1.

Usomaji wa IgM unataka uangalifu. Chukua mfano wa kondakta wa daladala aliyeugua dengi mwezi Aprili akapona. Mwezi Juni anapata homa. Anapimwa, IgM ya dengi ipo. Je, ana dengi tena? Huenda ile IgM ni mabaki ya Aprili, na homa ya Juni ni malaria. IgM peke yake inasema "dengi ya karibuni", haisemi "dengi ya leo". Kwa sababu hiyo, mwenye homa katika nchi zetu apimwe malaria hata kama kipimo cha dengi kimeonyesha kitu. Magonjwa haya mawili yanaweza pia kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Ukitaka uhakika kwa njia ya kingamwili, unachukua damu mara mbili: moja mgonjwa akiwa na homa, nyingine baada ya wiki mbili hivi. Kiwango kikipanda mara 4 au zaidi, maambukizi ni mapya.

Kwa ufupi: NS1 na PCR hukitafuta kirusi chenyewe, na ni vya siku za mwanzo. IgM na IgG hutafuta jibu la mwili, na ni vya siku za baadaye. Jibu la "haipo" halina maana mpaka ujue damu ilichukuliwa siku ya ngapi.

## Ukoo unaofanana sura

Dengi iko katika ukoo mmoja na zika, homa ya manjano na kirusi cha West Nile. Protini zao zinafanana kiasi kwamba kingamwili hukosea, kama mtu anayemwita rafiki yake kwa nyuma, mwenyewe akigeuka kumbe ni mdogo wake. Aliyechanjwa homa ya manjano, yule mwenye kadi ya njano ya safari, anaweza kuonyesha IgG kwenye kipimo cha dengi bila kuwahi kuugua dengi.

Kuna kipimo kinachopunguza utata huu. Damu ya mgonjwa huchanganywa na virusi hai vya kila ugonjwa, kisha mchanganyiko huwekwa juu ya seli zilizooteshwa maabara. Pale kingamwili zinapokifunga kirusi, seli hubaki salama. Zinaposhindwa, matundu hutokea kwenye tandiko la seli na huhesabiwa moja moja. Ni kazi ya siku kadhaa na ya maabara chache, hivyo haitumiki kumhudumia mgonjwa wa foleni.

Historia ya kutenganisha homa zinazofanana imeandikwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Taasisi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano. Mwaka 1937 kirusi cha West Nile kilipatikana kwenye damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, Uganda, na mwaka 1947 kirusi cha zika kilipatikana kwa kima katika msitu wa Zika. Mwaka 1952 na 1953 watu wa nyanda za Makonde, Newala, waliugua homa yenye maumivu makali ya viungo. Kwa dalili ilifanana sana na dengi. Mtafiti R. W. Ross aliwadunga panya wachanga damu ya wagonjwa, akakipata kirusi ambacho hakikuwa dengi. Kilikuwa chikungunya, mara ya kwanza kujulikana duniani. Macho ya daktari peke yake yasingetosha kuvitenganisha, na hata leo hayatoshi. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na katika miaka miwili iliyofuata ikasambaa Komoro, Réunion na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi.

## Makosa yanayotokea kabla ya mashine

Majibu mabaya mengi huanzia kwenye kiti cha kutolea damu.

- Jina. Chupa iandikwe mgonjwa akiwa bado ameketi, si baada ya kukusanya chupa kumi mezani.
- Chupa. Yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na hufaa kwa picha kamili ya damu na hata PCR. Yenye kifuniko chekundu huachwa damu igande ili yapatikane majimaji ya kupimia kingamwili. Ya kijani ina heparini, ambayo huvuruga PCR.
- Mkono. Chupa ya zambarau hupinduliwa taratibu mara kadhaa. Ikitikiswa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka.
- Joto. RNA huharibika upesi. Sampuli inayosafiri ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ya kuhifadhiwa muda mrefu huhitaji nyuzi 70 chini ya sifuri. Kisanduku kilichosahauliwa kwenye jua la stendi kinaweza kumfanya mgonjwa wa dengi aonekane hana.

## Kama dawa hakuna, nipime ya nini?

Ni swali la haki, maana dengi haina dawa ya kukiua kirusi chake. Hata hivyo jibu la maabara hubadilisha mambo mengi.

Kwanza, huzuia dawa zisizohitajika: dozi ya malaria ya pili, sindano za antibayotiki, na safari za kutafuta taifodi. Pili, huzuia dawa za hatari. Mgonjwa wa dengi hutuliza homa kwa parasetamo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, nazo ndizo wengi wetu hukimbilia mifupa inapouma. Tatu, hufanya daktari afuatilie picha kamili ya damu. Kipimo hicho hakioni kirusi, ila huonyesha chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikishuka kutoka kiwango cha kawaida cha 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita, na damu ikizidi kuwa nzito kwa sababu maji yanavuja kutoka kwenye mishipa. Nne, huwaambia maofisa wa afya mtaa upi una Aedes wenye kirusi, na ni aina gani ya dengi imeingia. Aliyewahi kuugua aina moja akipatwa na nyingine, hatari ya ugonjwa mkali huongezeka.

Hatari yenyewe huja wakati unaopotosha. Dengi kali hujitokeza mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7, homa ikiwa inashuka na ndugu wakianza kushangilia. Mgonjwa arudishwe hospitali mara moja akiwa na:

- maumivu makali ya tumbo
- kutapika kusikokoma
- kutoka damu kwenye fizi au puani, au choo cheusi
- kuchoka kupita kiasi, kuchanganyikiwa au kukosa utulivu

Dalili hizi zikitokea, hakuna kusubiri karatasi ya maabara. Maji ya mshipa yaliyopimwa vizuri huokoa maisha, na hutolewa kabla majibu ya PCR hayajarudi.

## Ya kuondoka nayo

- Kipimo cha malaria kikisema hakuna, uliza: "Na dengi?"
- Taja tarehe homa ilipoanza, si tarehe uliyofika kituoni.
- Siku tano za mwanzo ni za NS1 au PCR. Baada ya hapo IgM.
- Jibu la "haipo" likipingana na dalili, omba kipimo kirudiwe au damu ya pili ichukuliwe.
- Mwambie mtaalamu kama umechanjwa homa ya manjano au uliwahi kuugua dengi.
- Ukiwa na homa, lala ndani ya chandarua hata mchana, Aedes asichukue kirusi kwako akampelekea jirani.

Fomu nyingi za kuombea vipimo zina mstari wa tarehe ya kuanza kwa ugonjwa. Mganga mwenye foleni ndefu huuruka, na mgonjwa hajui kama upo. Kati ya yote yaliyotajwa katika sura hii, kuujaza mstari huo ni jambo lisilohitaji umeme, barafu wala bajeti. Kabla fomu haijaondoka mkononi mwako, angalia mstari huo; ukiukuta mtupu, omba ujazwe.